Cha Mvunguni

Daktari alitoka kufuata picha ya jino langu, akaniacha nimelala chali, nusu ya kinywa imekufa ganzi na taa imegeuziwa ukutani. Mgonjwa wa jino akiachwa peke yake hana pa kupeleka macho. Dari nilikwisha kuimaliza, na trei ya vyuma sikutaka kuitazama. Macho yakatua kwenye kigoda chake. Alipoinuka kilikuwa kimerudi nyuma kwa magurudumu yake matano, kikazunguka nusu duara, kikatulia kikielekea dirishani kama mtu aliyegeuka ili afikiri kidogo. Kilikuwa cheusi, ngozi yake ya bandia imechakaa zaidi upande wa kulia. Wala hakikuwa bapa kama vigoda nilivyovizoea. Kilikuwa kimeinuka mbele na nyuma na kudidimia katikati, umbo la tandiko la farasi, na sponji yake ilikuwa bado inafura taratibu, ikijijaza pale mwili wa mwanamke yule ulipokuwa umekaa tangu asubuhi. Nilimwona akifutika. Kwa muda usiotimia dakika moja alama ya kazi yake ilipanda, ikasawazika, ikapotea. Nami niliyekuja na maumivu yangu, nikiyahesabu kuwa ndiyo maumivu pekee chumbani humo, nikajikuta nauliza kimoyomoyo, maana ulimi haukuwa wangu: mgongo wa huyu mtu unaumaje?

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimelelewa na methali hiyo kama nilivyolelewa na uji. Bibi aliitamka akiwa mwenyewe ameinama, akifagia uani kwa ufagio wa chelewa usio na mpini, na kwa hiyo sijapata kuitenga methali na umbo la mgongo wake. Kinywa ni mvungu. Kina giza, ni kifinyu, na kinachotafutwa humo kiko nyuma kabisa, kwenye jino la mwisho la taya la juu, mahali ambapo hata mwenye kinywa hajapata kupaona. Tumbo lililofunguliwa juu ya meza ya upasuaji ni mvungu. Jicho ni mvungu mdogo kuliko yote. Na sisi tumewapa heshima kubwa wanaoinama. Anayeswali hurukuu. Mdogo huinama kumpokea mkubwa. Mkulima huinama juu ya jembe la mkono, na tangu shuleni tumeimbishwa kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa, pasipo kuulizwa ni uti wa nani hasa unaopinda ili ule wa taifa usimame. Sisemi haya kwa kuidharau methali. Naipenda. Ila siku ile, chini ya taa iliyogeuziwa ukutani, neno moja ndani yake lilinikwama: sharti.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo tano hivi, mfuko mmoja wa sembe. Kikiwa kimesimama sawasawa juu ya mabega, mifupa ndiyo hukibeba, na mifupa haichoki haraka. Kikiinama, mzigo huhamia kwenye misuli ya shingo. Kenneth Hansraj, daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo wa New York, alichapisha mwaka 2014 hesabu zake za mzigo huo: kichwa kikiinama nyuzi 15, shingo hubeba kama kilo 12; nyuzi 30, kilo 18; nyuzi 60, kilo 27. Ni hesabu za kielelezo, na kila shingo ina habari zake, lakini yeyote aliyewahi kushika ndoo ya maji kwa mkono ulionyooshwa anaijua kanuni yenyewe. Kilo 27 ni mtoto wa miaka minane. Daktari wa meno huinama akiwa amembeba mtoto huyo shingoni, wala hawezi kumtua, kwa sababu mkononi mna chuma kinachozunguka ndani ya kinywa cha mtu. Na misuli inayoshikilia bila kusogea huteseka kuliko ile inayokaza na kulegea, kwa kuwa ikijikaza muda mrefu hubana mishipa midogo ya damu inayoilisha. Mpagazi hutembea, na mwendo wake huisaidia damu kuzunguka. Daktari hubeba akiwa mahali pamoja. Malipo huja usiku, shingoni, katikati ya mabega, kiunoni, wakati mgonjwa aliyetibiwa amekwisha kulala usingizi wa kwanza mzuri baada ya siku tatu.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Kiti chake cha kazi kilikuwa cha mbao, cha kawaida, ila alikuwa amegongomelea vipande viwili vya mbao chini ya miguu ya nyuma, kila kipande unene wa vidole viwili, hata kiti kikawa kinamteremsha mbele kuelekea sindano. Wateja walidhani kiti ni kibovu. Mimi nilidhani ni umaskini. Nilipojaribu kukikalia niliteleza, naye akacheka, akasema, "Kikiwa sawa kinanivuta nyuma, mwanangu." Sikuelewa, na sikumwuliza tena. Mwaka 1700, huko Modena nchini Italia, daktari Bernardino Ramazzini alitoa kitabu kizima juu ya maradhi yanayotokana na kazi za watu, na miongoni mwa aliowatazama walikuwamo washona viatu na washona nguo, migongo yao imebaki imepinda hata walipoinuka kutembea. Aliwataka madaktari wenzake waongeze swali moja kwenye yale ambayo humwuliza mgonjwa: unafanya kazi gani? Nalipenda swali hilo kuliko dawa nyingi nilizowahi kumeza. Baba hakuulizwa. Alikwenda na mgongo wake hospitali hii na ile, akarudi na vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi. Sasa nami ninawaza, nani humwuliza daktari swali la Ramazzini? Mganga hajigangi, tunasema, tukidhani tumeeleza jambo, kumbe tumelifunika.

Kwa vizazi vingi daktari wa meno alisimama. Mwaka 1790 Josiah Flagg wa Boston alichukua kiti cha mbao cha kawaida, akakiongezea pa kuegemeza kichwa na mkono mpana wa kuwekea vyombo, na kiti hicho kimeingia katika historia ya udaktari wa meno wa Marekani. Kilikuwa kiti cha mgonjwa. Daktari alibaki kwa miguu yake, kiuno kimepinda, bega moja juu na jingine chini, shingo imegeuzwa kama ya kuku anayesikiliza. Zaidi ya karne moja na nusu ikapita hivyo. Mwaka 1958 ndipo Marekani ilipopata kiti cha meno kinachomlaza mgonjwa kabisa, na katika muongo uliofuata madaktari wakaenea kufanya kazi wakiwa wamekaa, msaidizi ameketi upande wa pili, mikono minne juu ya kinywa kimoja. Nalirudia hilo kichwani mara nyingi, kwa sababu ni rahisi na limechukua miaka mingi kufikiwa: ilibidi mmoja alale ndipo mwenziwe apate kukaa. Kisha wakapangiwa mahali pa kukaa kwa mfano wa saa ya ukutani. Uso wa mgonjwa ndio uso wa saa, utosi unaelekea kwenye namba kumi na mbili, na daktari anayetumia mkono wa kulia huzunguka zaidi kati ya namba tisa na kumi na mbili. Kwetu hapo ni kati ya saa tatu na saa sita. Nawawaza wanafunzi wa udaktari wa meno pale Muhimbili wakizisoma saa mbili kwa pamoja, ya kitabuni na ya nyumbani kwao, na nafurahi kwamba ya nyumbani ina neno lake la kuongeza. Anayekaa nyuma ya kichwa cha mgonjwa amekaa saa sita, na saa sita kwetu ni wakati wa jua la utosi.

Lakini kukaa nako kuna maumivu yake. Mwaka 1953 J. J. Keegan, daktari wa Nebraska huko Marekani, alichapisha picha za eksirei za uti wa mgongo wa watu walio katika mikao mbalimbali, akaonyesha kwamba kiuno hupata raha yake pale paja na kiwiliwili vinapoachana kwa pembe ya nyuzi 135 hivi, karibu na mtu aliyejilaza ubavu bila kujikunja sana. Kiti cha kawaida hutupa nyuzi 90. Paja likipandishwa kufikia hapo, misuli ya nyuma yake huivuta nyonga, nyonga ikapinduka kwa nyuma, na lile bonde la kiunoni tulilolipata tulipokuwa wachanga tukijifunza kusimama likasawazika, mara nyingine likageuka kilima. Pingili tano za kiuno hubanana mbele na kufunguka nyuma. Aliyeegemea kochi akitazama televisheni haumii sana kwa hilo. Anayeumizwa na mkao huo ni yule ambaye kazi yake iko mbele yake na chini yake. Daktari wa upasuaji wa Copenhagen, A. C. Mandal, alilifuatia jambo hili miaka mingi. Aliwatazama watoto wa shule, akaona kwamba wanapoandika huinua miguu ya nyuma ya viti vyao na kuegemea ile ya mbele, nao watu wazima huwakataza. Mandal akawapa watoto haki. Migongo yao ilikuwa inajitafutia mteremko. Katika makala yake ya mwaka 1981 alimwita binadamu wa zama hizi Homo sedens, mtu wa kukaa, akataka viti vyake viteremke mbele.

Niliposoma habari hizo baba alikuwa amekwisha kufa. Vipande viwili vya mbao, unene wa vidole viwili. Kiti kile tulikigawa pamoja na vitu vyake vingine, na aliyekichukua, nasikia, aliving'oa vile vipande ili kikae vizuri.

Tandiko limeuchukua mteremko huo likaufikisha mwisho. Mapaja hufunguka na kushuka pande mbili, nyonga husimama, kiuno hurudisha bonde lake pasipo kusukumwa na mto wa mgongoni. Huko Australia, Mary Gale, aliyekuwa na kazi ya kuwarudishia watu wenye ulemavu uwezo wa kufanya shughuli zao, aliona kwamba watu waliopandishwa farasi walikaa wima kuliko walivyoweza kukaa kwenye viti, akafikiri kumtoa farasi na kulibakiza tandiko. Hivyo ndivyo kilivyopatikana kigoda cha Bambach. Mimi nilipokitazama kile cha daktari wangu sikumfikiri farasi, si mnyama wa kwetu. Nilifikiri mbuzi. Nilimwona bibi amekipanda kibao chake, paja huku paja kule, kanga imekusanywa katikati ya magoti, nusu ya nazi mkononi na ule ulimi wa chuma umemtokea mbele. Lugha ilikuwa imeona mapema kwamba kinachokaliwa hivyo ni mnyama. Kibao kile ni kifupi mno na magoti hupanda, kwa hiyo sitadai kwamba bibi alikaa kama wataalamu wanavyotaka. Ninachodai ni kingine. Kwenye mbuzi, kiti na chombo ni kitu kimoja. Uzito wa aliyekaa ndio unaoutuliza ule ulimi. Akiinuka kidogo tu, mbuzi inacheza na nazi haikuniki, na akijikalia kwa ukamilifu mikono huwa myepesi, nazi iliyokunwa ikaanguka kama mvua ya rasharasha. Aliyekibuni kibao kile alijua jambo ambalo kwenye vyumba vya upasuaji limechelewa kujulikana, kwamba kiti ni sehemu ya kifaa. Ncha ya sindano hutulia kwa sababu vidole vimetulia. Vidole hutulia kwa sababu kiwiko kimepata pa kutua. Kiwiko hulitegemea bega, bega huutegemea mgongo, mgongo huitegemea nyonga, na nyonga haina pengine pa kutegemea isipokuwa pale ilipokalishwa. Utulivu wa mkono wa daktari huanzia makalioni, na sioni aibu kulisema hivyo.

Hakuna mahali panapodhihirisha hilo kuliko kwenye upasuaji wa mtoto wa jicho. Daktari wa macho hutazama kupitia hadubini iliyoning'inizwa juu ya uso wa mgonjwa. Mguu wake mmoja unaongoza hadubini, kuikuza picha na kuisogeza. Wa pili unaongoza mashine inayoivunjavunja lenzi iliyoingia ukungu na kuifyonza. Mikono imo ndani ya jicho, kupitia mkato ambao kwa njia ya siku hizi hauzidi milimita tatu. Basi viungo vyote vinne vina kazi, na hakuna hata kimoja kinachoweza kusaidia kuubeba mwili. Mwili mzima umeachiwa kiti. Baba naye miguu haikuwa yake alipokuwa kazini. Pedali ya cherehani iliichukua asubuhi na kuirudisha jioni. Mzee atakayefunguliwa kitambaa kesho yake, Moshi au Mombasa, akamwona mjukuu wake kwa mara ya kwanza, atamshukuru Mungu, atamshukuru daktari na muuguzi. Kiti hakitatajwa, wala hakidai kutajwa. Ila kama kilikuwa kimelegea gurudumu moja, kama kilishuka taratibu chenyewe kwa sababu mtungi wake wa gesi umechoka, mzee huyo alikuwa karibu zaidi na hatari kuliko alivyojua.

Wapo wanaosimama bado, madaktari wa tumbo na wa kifua, saa nne, saa sita mfululizo. Kwao watu wanahangaika kubuni. Mwaka 2000 mamlaka za Marekani ziliidhinisha roboti ya upasuaji ya da Vinci, na aliyeongoza mikono yake akawa amekaa hatua kadhaa kutoka kwa mgonjwa, uso ameuingiza kwenye kioo. Huko Japani wametengeneza kiti cha kuvaliwa, Archelis, vyuma vyepesi vinavyofungwa kwenye mapaja na miundi: daktari akikunja magoti kidogo vinambeba, akitaka kusogea anasogea navyo. Kingefaa kutegwa kama kitendawili cha jioni, nimekivaa kiti changu nikasimama. Nakiona na nakipenda kwa namna ya ajabu, maana kinakiri wazi kwamba aliyesimama naye ana haki ya kukaa.

Pwani yetu ina kiti chake kitukufu. Ni kile kiti cha enzi cha mpingo kilichotiwa nakshi za pembe, kikasukwa kwa kamba, kikawekewa pa kupumzishia miguu. Kwenye makumbusho ya Lamu vipo, na kila nikivitazama huona vilivyo wima, mgongo mrefu, mikono yake imenyooka kwa ukali. Aliyekikalia hakuwa na kazi ya mikono. Kazi yake ilikuwa kuonekana. Viti vya namna hiyo vimeacha alama katika maneno yetu: mwenyekiti ni mwenye amri, na kumpa mtu kiti ni kumpa cheo. Kigoda cha daktari kimekwenda njia nyingine kabisa. Kina mgongo mdogo au hakina, hakina nakshi, kinasukumwa kwa kisigino, na aliyekikalia hakuna anayemtazama, maana aliye mbele yake amefumba macho kwa hofu. Kimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayetazama. Nadhani ndiyo maana tumechelewa kukihesabu kuwa ni kitu cha kufikiriwa. Tumezoea kwamba kiti ni heshima ya aliyeacha kazi, hatukuzoea kwamba kinaweza kuwa haki ya anayeifanya. Hata hivyo lugha yenyewe ni karimu kuliko sisi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotaka kumuenzi Nyerere kwa taaluma, neno lililochaguliwa halikuwa kiti, lilikuwa kigoda. Na neno kukaa halijapata kutenganisha kuketi na kuishi. Tukimwuliza mtu anakaa wapi tunataka kujua nyumba yake, mtaa wake, maisha yake. Daktari wangu, kwa saa nane za siku na kwa miaka thelathini ya kazi ikiwa Mungu atampa, anakaa kwenye kile kigoda cheusi kwa maana zote mbili.

Nimesikia ikisemwa kwamba haya ni mambo ya nchi zenye nafasi. Kuna jibu lililotoka hapa hapa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980 mtaalamu wa meno Mholanzi, Jo Frencken, akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alianzisha njia ya kuziba meno pasipo umeme: uozo unakwanguliwa kwa vyombo vya mkono, tundu linazibwa kwa saruji inayoshikamana na jino lenyewe. Njia hiyo ikatoka hapa ikaenda Thailand, ikaenda Zimbabwe, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa ulimwengu. Iliondoa karibu kila kitu. Mashine iliondoka, bomba la maji liliondoka, kiti kikubwa cha umeme kiliondoka. Mgonjwa hulazwa juu ya meza, au juu ya madawati ya shule yaliyosogezwa pamoja. Lakini mwongozo wa njia hiyo bado unamtaka mtibabu akae imara kwenye kigoda, mgongo umenyooka, mapaja yamelala sambamba na sakafu, nyayo zote mbili zimekanyaga chini, jicho lake likiwa sentimita 30 hadi 35 kutoka kwenye jino. Mtu wa tandiko atabishana na hayo mapaja ya sambamba, na ubishi huo ni mzuri, uendelee. Mimi hunishika jingine. Walipokuwa wakipunguza, wakipunguza, hadi kukabaki mikono miwili na vyuma vichache vinavyoenea kwenye mkoba, kigoda hawakukipunguza.

Daktari alirudi na picha. Kabla hajaingia vizuri alisimama mlangoni, akaweka ngumi mbili kiunoni, akajinyoosha kwa nyuma na kufumba macho, akidhani simwoni. Nilimwuliza habari za kigoda kwa kile kinywa changu cha upande mmoja. Alishangaa, kisha akakisogeza kwa mguu kama mtu anayemwita paka. "Hiki nimekinunua mwenyewe, kaka," akasema. "Miaka mitatu nikijishauri." Wenzake walimwambia anajidekeza. Cha kwanza alichoagiza kilikuwa kirefu, kimetengenezwa kwa watu warefu, miguu yake ikaning'inia hewani, akakirudisha. Hiki, wiki ya kwanza, kilimuumiza mapaja kwa ndani hata akajuta. Akaniambia pia kwamba kinataka suruali, na akaelekeza kidevu kwenye baibui lililotundikwa nyuma ya mlango. Kisha akaongeza, akiitazama picha dhidi ya mwanga, kwamba hakimwondolei foleni iliyoko nje, na kwamba bado lazima ainuke kila baada ya wagonjwa wawili atembee hadi dirishani, la sivyo hata hiki kinageuka jiwe. Hakusema kwa malalamiko.

Anajidekeza. Neno hilo limebaki nami kuliko sindano. Mwenye koleo jipya hajidekezi. Mwenye taa kali zaidi hajidekezi, amejiandaa. Ila anayenunua mahali pa kuukalisha mgongo wake mwenyewe, huyo amejipendelea, kana kwamba mgongo si mmoja wa vyombo alivyokuja navyo kazini, na ndicho chombo pekee asichoweza kukichemsha usiku na kukianza upya asubuhi. Kuna kitu ndani yetu kinachomtaka mganga aumie kidogo. Tunakiona kuinama kwake kama ushahidi kwamba ametujali, kama mama aliyekesha, na tukimwona amekaa kwa raha moyo unaingia wasiwasi. Nimekitafuta kitu hicho ndani yangu na nimekikuta. Nilikuwa nacho hata kwa baba. Mgongo wake uliopinda ulinipa fahari, nilisema ndio ulionisomesha. Ulinisomesha kweli. Lakini alikuwa ametafuta vipande viwili vya mbao, kwa misumari minne, na fahari yangu haikuviona.

Alikaa. Sponji ikashuka chini yake kwa pumzi ndefu, ikaupokea ule mwili iliokuwa imeusahau. Akakisogeza kigoda hadi saa sita, nyuma ya utosi wangu, nyayo zake nikazisikia zikikanyaga chini moja baada ya nyingine. Halafu akabonyeza pedali, na kile nilicholalia kikaanza kunguruma na kupanda, polepole, miguu na kiwiliwili na kichwa pamoja, mvungu mzima ukiinuliwa kuelekea kwa anayeutaka, hadi kinywa changu kikafika usawa wa viwiko vyake. Taa ikarudi. "Fungua," akasema, na sauti yake ilitoka juu, wima.